Dada ananisafisha utumbo, naogopa kumwambia basi

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa nikiisoma safu yako kimya kimya. Leo naandika, na jambo lenyewe ni la chooni, kwa hiyo uniwie radhi.

Nimeolewa na nina mtoto mmoja. Nina dada yangu mkubwa ambaye ndiye aliyenilea baba alipofariki. Aliacha masomo yake ili mimi nisome, na siku ya harusi yangu yeye ndiye aliyesimama mahali pa mzazi. Duniani hapa, kama kuna mtu nisiyetaka kumuudhi, ni yeye.

Tumbo linanisumbua tangu siku nyingi. Choo nakipata kila baada ya siku mbili tatu, tena kigumu, na jioni tumbo linajaa gesi hadi nalegeza kifungo cha sketi. Kazini choo kimepakana na meza ya mhasibu, ukuta wenyewe wa mbao, kila kitu kinasikika. Haja ikinijia naibana, na nikifika nyumbani imeshapotea. Dada alipojua akaniambia chakula kinaoza ndani. Yeye anauza unga na majani ya kusafishia utumbo. Anasema utumbo ni bomba la maji machafu: lisipozibuliwa, uchafu unagandia ukutani miaka na miaka, halafu sumu inarudi kwenye damu, ndiyo maana kichwa kinaniuma na uso umejaa chunusi.

Nikaanza. Mwisho wa mwezi nalala kwake, jioni nakunywa unga uliokorogwa, usiku majani. Jumapili kazi ni kuingia na kutoka chooni. Mara ya kwanza nilitoa vitu virefu vyeusi vya kamba kamba, dada akanipigia makofi akiwa mlangoni: "Umeona? Hayo ni ya tangu utotoni!" Nilishtuka, na nikafurahi. Tumbo likawa bapa, mizani ikashuka, nikajiona mwepesi.

Lakini siku zinazofuata sipati choo kabisa, na tumbo linavimba kuliko mwanzo. Nikaanza kunywa majani katikati ya wiki pia. Sasa bila majani siendi. Majuzi niliamka kitandani nikaona giza, moyo ukadunda ovyo, mume wangu akanidaka. Yeye ameshachoka na mambo haya. Anasema niache, la sivyo atamkabili dada mwenyewe. Na hapo, Shangazi, itakuwa vita.

Juu ya hayo, dada ana kundi la wateja kwenye simu na anataka nitoe ushuhuda, na picha zangu za kabla na baada. Tena anataka kumwanzishia mama. Mama ana presha na moyo, anatumia dawa, ikiwemo ile ya kumkojoza. Dada anasema akishasafishwa hatazihitaji tena.

Nakuuliza mawili. Nikiacha, ule uchafu si utarudi? Na dada nitamwambiaje basi bila kuonekana sina fadhila?

Ni mimi,
Mdogo Mtu

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu,

Usiombe radhi kwa habari za chooni. Watu huniandikia kurasa nzima za ndoa na wakwe, kisha katika mstari wa mwisho wanataja tumbo kana kwamba limewaponyoka, kumbe tumbo ndilo lililowashikisha kalamu. Wewe umeanza na lenyewe, na umelieleza vizuri.

Nilivyokuelewa, ulikuwa na choo kigumu na gesi. Dada yako akakupa dawa yake kwa mapenzi. Dawa ikakupa raha ya siku moja na taabu ya siku kadhaa, na sasa kuiacha huwezi, kwanza kwa kuogopa uchafu urudi, pili kwa kuogopa dada aone umemtupa. Nahisi hofu ya pili ndiyo kubwa. Lakini niache nianze na ile ya kwanza, maana ikipungua hiyo, utamkabili dada ukiwa na pumzi zaidi.

Ila kuna jambo lisilosubiri hata umalize kunisoma. Kuona giza unaposimama na moyo kudunda ovyo, kwa mtu anayeharishwa na dawa mara kwa mara, ni jambo la kupimwa hospitali siku hizi hizi. Waeleze bila kuficha unachokunywa na unakinywa mara ngapi, uombe damu yako iangaliwe, hasa kiwango cha potasiamu. Nikueleze kwa nini. Kwa siku moja utumbo wako hupokea maji kama lita 9. Unachokula na kunywa ni kama lita 2 tu. Zilizobaki mwili wenyewe huzimwaga humo: mate, maji ya mfuko wa tumbo, nyongo kutoka kwenye ini, maji ya kongosho na ya utumbo wenyewe. Karibu yote hurudishwa mwilini njiani, kiasi kwamba yanayotoka na choo huwa kama mililita 100 hadi 200. Ukinywa kitu cha kuukimbiza utumbo, hesabu hiyo inavurugika. Maji yanatoka na chumvi zake, potasiamu ikiwemo, na moyo na misuli huitegemea potasiamu ili kwenda sawa. Kwa hiyo ule wepesi wa Jumapili na lile giza la asubuhi huenda vimepakuliwa chungu kimoja.

Nawe umesema mna mtoto mmoja. Kama mnapanga uzazi kwa vidonge vya kumeza, jua kwamba kuharisha sana kunaweza kukifanya kidonge kisifyonzwe inavyotakiwa. Muulize mfamasia. Ni vigumu kumweleza mume mimba iliyoletwa na unga wa shemeji.

Sasa hili la chakula kuoza. Hebu tulifuate tonge moja. Mdomoni linasagwa, na mate yanaanza kuuvunja wanga. Ukimeza, misuli ya umio inalisukuma kwa kujikaza na kulegea kwa zamu, ndiyo maana hata aliyelala chali anaweza kumeza. Katika mfuko wa tumbo linakutana na asidi kali inayoua vijidudu vingi, na protini zinaanza kuvunjwa. Mlo hukaa hapo saa 2 hadi 5 hivi, na wenye mafuta mengi hukawia zaidi. Kisha unaachiwa kidogo kidogo kuingia utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa kama mita 6. Humo nyongo inayatawanya mafuta, vimeng'enya vya kongosho vinavunja kilichobaki, na ukuta uliojaa vijichomozo laini vya urefu wa kama milimita 1 unafyonza kila chenye faida.

Kwa hiyo tonge linapofika utumbo mpana, chakula chenyewe kimeshaingia mwilini. Kilichobaki zaidi ni maji, chumvi na nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzivunja. Bakteria wanaoishi humo wanaweza. Wakizila wanatoa gesi, na pia wanatoa asidi laini ambazo seli za utumbo mpana hujilisha kwazo. Hiyo gesi yako ya jioni kwa sehemu kubwa ni jasho la wafanyakazi hao. Mtu mwenye afya njema hujamba mara 10 hadi 20 kwa siku, awe hakimu, awe bibi harusi. Na utumbo mpana kazi yake ni kwenda taratibu. Kukaa humo siku nzima na zaidi ndiko kunakompa mwili nafasi ya kuyavuta maji. Tangu mdomoni hadi chooni, siku moja hadi 3 ni kawaida. Madaktari huona ni kawaida pia mtu kwenda haja kubwa mara 3 kwa siku, na mwingine mara 3 kwa wiki. Basi kupata choo kila baada ya siku mbili si ugonjwa kwa kuwa tu ni siku mbili. Ugumu wake na kukamua ndivyo vya kushughulikia.

Dada anasema utumbo ni bomba. Bomba halijivui ukuta wake. Ngozi ya ndani ya utumbo hujivua na kuota upya kila baada ya siku 3 hadi 5 hivi, na juu yake kuna ute unaoteleza. Kitu cha tangu utotoni kingegandia wapi? Madaktari wanaopitisha kamera kwenye utumbo mpana huona ukuta wa waridi, umelowa, unang'aa.

Na zile kamba nyeusi ulizoziona kwa macho yako? Uliziona, wala sikatai. Lakini chukua pakiti ya unga usome kilichomo. Unga wa kusafisha utumbo mara nyingi hutengenezwa kwa maganda ya mbegu yanayovimba yakikutana na maji, na mwingine huchanganywa na udongo laini. Koroga kijiko chake katika glasi, uache usiku kucha, asubuhi utakuta mrenda mzito unaovutika. Huo huo ukipita ndani unajifinyanga kwa umbo la utumbo, unapakwa rangi ya nyongo na kinyesi, na unatoka mrefu kama ulivyouona. Kwa maneno mengine, wanaouza unga wanakuuzia pia kile utakachokiona chooni. Sidhani dada yako anajua hili. Naye aliuziwa pamoja na hadithi yake. (Ila ukipata choo cheusi tii, kinachonata na kunuka vibaya, siku ambayo hukunywa unga, hiyo inaweza kuwa damu kutoka juu. Usikae nyumbani.)

Kuhusu siku unazokosa choo baada ya kujisafisha, hapa ndipo mtego ulipo. Majani ya aina hiyo mara nyingi ni sanamaki. Sanamaki huuchokoza utumbo mpana ujikaze na kumwaga, na ukishamwaga kila kitu, unahitaji siku 2 au 3 kujaa tena. Siku hizo hakuna cha kutoka. Wewe unasoma kwamba umefunga choo, unakunywa tena, unaumwaga tena. Kila ukijitibu unatengeneza ugonjwa wa kesho. Na mizani iliyoshuka? Tumeshaona kwamba chakula kilifyonzwa juu, kabla sanamaki haijafika kazini. Kilichotoka ni maji, na siku utakapoacha yatarudi na mizani itapanda. Nakuambia mapema ili usishtuke ukadhani ni uchafu umerudi.

Hili la sumu kuingia kwenye damu lina historia, na si la kumcheka dada yako. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wakubwa waliliamini. London alikuwapo daktari mpasuaji maarufu, Sir William Arbuthnot Lane, aliyefikia kuwakata watu utumbo mpana ili kuwaokoa na sumu hiyo. Mwaka 1919 daktari wa Marekani, Walter Alvarez, akaandika hoja ambayo mimi hunifurahisha kwa urahisi wake: mtu aliyefunga choo huumwa kichwa na kuchoka, lakini akienda tu haja, nafuu inakuja pale pale. Sumu ingekuwa kwenye damu isingeondoka upesi hivyo. Alieleza kuwa shida ni kutanuka kwa utumbo na mishipa ya fahamu inayopeleka habari. Wewe mwenyewe hukipata hicho kichwa siku ulizobana haja kazini?

Hapo ndipo ningependa turudi, kwenye ule ukuta wa mbao, kwa sababu nadhani barua yako ina jibu ambalo wewe umelipita haraka. Choo kikifika mwishoni, kuta zinatanuka na ubongo unapata taarifa. Ukiahirisha, taarifa inafifia, choo kinarudi kusubiri, na kila saa kinapokaa maji yanazidi kuvutwa. Jioni unakuta jiwe. Fanya hivyo siku nyingi, utumbo unazoea kunyamaza. Kwa hiyo swali si nini kimegandia ndani. Swali ni utapata wapi dakika 10 za faragha. Kwa wengi saa nzuri ni asubuhi, nusu saa hivi baada ya kula, maana mfuko wa tumbo ukijaa huuamsha utumbo mpana. Amka mapema kidogo kuliko mtoto. Weka kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga, njia inanyooka. Ongeza nyuzinyuzi na maji, lakini polepole kwa wiki kadhaa. Ukiongeza ghafla wale bakteria watakufanyia sherehe na tumbo litajaa zaidi. Majani nayo, umekuwa ukiyanywa mara kwa mara, zungumza na daktari au mfamasia namna ya kuyapunguza. Zipo dawa za kulainisha choo zisizouchokoza utumbo, ukazitumia wakati unarudi kwenye mwendo wako. Na kama kuna damu, unakonda bila sababu, maumivu yanakuamsha usiku, au katika ukoo yupo aliyeugua saratani ya utumbo, hayo yote mwambie daktari siku hiyo hiyo.

Haya, dada.

Nimejiuliza kitu nilipoisoma barua yako mara ya pili. Mwisho wa mwezi unalala kwake. Hupiki, humbembelezi mtoto, unakula kidogo, unalala, na mtu aliyekulea anakusubiri mlangoni akikushangilia. Je, wepesi unaotoka nao pale wote ni wa unga? Utumbo una mtandao wake wa mishipa ya fahamu, unazungumza na ubongo usiku na mchana, na mtu aliyepumzika mwili na roho huusikia tumboni. Inawezekana unaogopa kuacha unga kwa sababu unadhani ndio tiketi ya kufika kwa dada. Nawe unaweza kumjaribu: mwambie mwezi huu unakuja kulala tu.

Ukiamua kumwambia yote ana kwa ana, hatari ni kwamba atasikia "unauza uongo," hata kama hujalitamka, na siku hiyo karo yako inaweza kutajwa. Labda usianze na bidhaa. Anza na mwili wako: nilianguka, moyo ulidunda, nimepimwa, nimeambiwa hivi. Hoja za dukani anaweza kukushinda, lakini mdogo wake kuanguka hawezi kulibishia. Ukiamua kuacha kimya kimya bila kumwambia, utaepuka maneno, lakini dada ataendelea kuzitaka picha zako, na zikiingia kwenye kundi, kuna mtu usiyemjua atakunywa kwa kukuona wewe. Sijui kama utalala vizuri na hilo, wewe unajijua. Kumwachia mume aseme ni njia ya mkato, nami naielewa hasira yake, ndiye aliyekudaka. Lakini dada atasikia sauti ya shemeji, hatasikia yako. Pengine mwombe mume akupe muda, na umwambie ni muda gani, asione unamzungusha.

Na hiyo fadhila unayoiogopa. Alikusomesha ili ujue kusoma hata karatasi ya pakiti. Kumlipa kwa utumbo wako sidhani ndiko alikokukusudia, ingawa ni wewe unayemjua dada yako, na deni la malezi halina risiti.

La mama ni tofauti kidogo, kwa sababu lina saa yake. Dawa ya kumkojoza nayo, kwa aina nyingi, hutoa potasiamu mwilini. Ukiiongezea majani ya kuharisha, mzee mwenye moyo dhaifu anaweza kupoteza zaidi ya anachomudu, na zipo dawa za moyo zinazogeuka hatari potasiamu ikishuka. Maganda ya mbegu nayo yanaweza kuzuia dawa zisifyonzwe vizuri zikinywewa pamoja. Kuacha dawa za presha ghafla kuna madhara yake pia. Hapa huna haja ya kubishana na dada hata kidogo. Nendeni wote wawili na mama kliniki yake, dada mwenyewe abebe pakiti na majani, na orodha ya dawa za mama, amuulize daktari kwa mdomo wake. Akiambiwa sawa, sawa. Akiambiwa hapana, hatakuwa ameambiwa na wewe.

Ushuhuda wa picha, mjibu kwamba unangoja majibu ya vipimo. Ni kweli, na jibu hilo linakupa wiki mbili tatu za kufikiri. Damu yako kapimwe kwanza, kabla ya kwenda kliniki na mama.

Shangazi